Ndoo Tatu, Mtu Mmoja

Kibao chenyewe kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja cha mtu mzima, na kwa siku tisa kilikuwa kimelala juu ya kabati la vyombo jikoni kwa Recheli, kati ya kopo la chumvi na kiberiti. Mumewe Modest ndiye aliyekileta. Alikifungua kwa bisibisi nyuma ya boti yake ili apigilie ubao mnene zaidi, maana mashine aliyoazimwa ilikuwa kubwa na ubao wa zamani usingeihimili. Akakitupa pale kabatini, akanawa mikono, akauliza kama kuna chai.

Recheli alikuwa amekisoma mpaka kimemkaa kichwani. WATU 6. WATU, MASHINE NA MZIGO, JUMLA KILO 520. MASHINE ISIZIDI FARASI 15. Kiswahili chepesi tu hicho, hata mtoto wa darasa la tatu anakielewa. Lakini pale kivukoni, kando ya mto Ugalla, watu wazima wenye akili zao walikuwa na hesabu nyingine kabisa. Wao walihesabu kwa ndoo. Ndoo tatu, mtu mmoja. Hesabu hiyo aliianzisha marehemu baba yake Modest, enzi za mtumbwi, alipokuwa akivusha mahindi. Ndoo ya mahindi ina kilo kumi na nane hivi, ukiziweka tatu unapata mtu, basi hapo mzee hakukosea. Tatizo ni kwamba mahindi yaliacha kuvushwa miaka mingi iliyopita, ikaja asali, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama asali nayo ni mahindi.

Mashine ya zamani, ya farasi kumi na tano, ilikufa gia mwezi wa tano, msimu wa asali umeiva na mto ungali umejaa. Mizinga yote iko ng'ambo. Hapo ndipo alipojitokeza Wenceslaus, mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, na mashine yake aliyoinunua kwa ajili ya boti ambayo alikuwa hajaipata.

"Nakuazima, vusha asali yetu," alimwambia Modest mbele za watu. "Farasi arobaini hiyo, baba! Ulikuwa unapakia watu sita kwa farasi kumi na tano? Basi piga hesabu mwenyewe sasa utapakia wangapi. Tumechoka kuvushwa na karai."

Watu walicheka. Modest naye akacheka, lakini Recheli, aliyekuwa amesimama na beseni lake la maandazi, aliona masikio ya mumewe yanavyobadilika rangi. Mwanaume akiitiwa boti yake karai, halafu akapewa farasi arobaini, unadhani atasikia la nani tena?

Asubuhi ya siku yenyewe, Jumatano, walibishana wakiwa wamesimama.

"Mashine yenyewe inakula nafasi, Baba Martha," alisema Recheli. "Ile ya kwanza ilikuwa kilo arobaini. Hii ni themanini. Kabla hujapakia kitu, umeshapakia."

"Mashine inasukuma. Haibebwi."

"Haibebwi? Mlipoishusha kwenye lori si mlikuwa wanaume wawili, mnatweta kama mnazaa?"

"Mama Martha, usinichefue asubuhi yote hii." Modest alikuwa anatafuta kandambili yake chini ya kiti, na kutoipata kulimkasirisha zaidi. "Lori la kampuni ya kununua asali linakuja kesho. Wazee wana asali ng'ambo, baba yako akiwa wa kwanza. Unataka niwaambie kwamba mke wangu amesoma kibao?"

Recheli alikitia kibao kwenye pindo la kanga, akachukua mizani yake ya kuning'iniza, ile anayopimia asali ya rejareja gengeni, akafunga ugali na dagaa kwenye kitambaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nampelekea baba chakula."

Hilo Modest hakuweza kulikataa.

*

Boti tupu ilimtisha kuliko alivyotarajia. Alikaa mbele, mumewe nyuma kwenye mpini wa mashine, akiwa amekalia jaketi la kuokolea, lile moja walilokuwa nalo. Modest alilikalia kila siku kwa sababu benchi lilimuumiza. Alipozungusha mpini, pua ya boti iliinuka juu ghafla hata Recheli akashika pembeni kwa mikono miwili, na kule nyuma maji yakawa yanaramba ubao mpya.

"Umeona?" Modest alipiga kelele kwa furaha. "Umeona inavyokwenda?"

"Naona inavyokaa!" alijibu Recheli, lakini mngurumo ulimeza maneno yake.

Ng'ambo kulikuwa na mstari wa ndoo nyeupe zenye mifuniko, na kila mtu amesimama kando ya zake. Desturi yao wafuga nyuki wa pale haina mjadala: asali haiachwi bila mwenyewe. Kuanzia inapotoka kwenye mzinga mpaka inapopimwa mbele ya lori, mwenyewe hulala nayo, huamka nayo, huvuka nayo. Zamani kuna watu walibadilishiwa asali wakapewa maji ya sukari, wakauana kwa mapanga, na tangu hapo mtu haachi ndoo yake hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mtu mwenye ndoo nyingi hawezi kuvushiwa nusu nusu. Akivuka na nusu, ile nusu nyingine atamwachia nani?

Mzee Hilari, baba yake Recheli, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ndoo kumi na nane. Alikuwa mzee mwembamba, kilo sitini na koti lake, walimpima zahanati wiki ya Pasaka. Mwaka huo mvua zilikwenda vizuri, miti ikachanua, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mkewe mzee alikuwa na kitu cha kujivunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja huku? Huku si kwa wanawake." Lakini alipokea chakula. "Umeona ndoo hizo? Kumi na nane. Ungali unasema nimezeeka?"

"Nimeziona baba. Ni nyingi."

"Mkwe!" mzee alimwita Modest. "Anza kupakia. Zote mara moja."

Modest alitazama chini. Huko kwao mtu hambishii mkwewe, hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu, na Modest, pamoja na ubishi wake wote nyumbani, mbele ya Mzee Hilari alikuwa mtoto. Akainama, akashika ndoo ya kwanza.

"Ngoja," alisema Recheli.

Alitundika mizani kwenye tawi, akaomba radhi, akaichukua ile ndoo mkononi mwa mumewe na kuining'iniza. Mshale ulishuka, ukatetemeka, ukatulia.

"Ishirini na nane," alisoma kwa sauti. "Ndoo ya maji ni ishirini. Ya mahindi ni kumi na nane. Hii ni ishirini na nane. Asali ni nzito kuliko maji, wazee wangu. Kumi na nane mara ishirini na nane inapita mia tano, hapo bado watu, bado mashine, bado mafuta. Na kibao ni hiki hapa, kinasema mia tano na ishirini kwa vyote."

Kisha Wenceslaus, aliyekuwa wa pili kwenye foleni akiwa na ndoo zake ishirini, akaangua kicheko.

"Modest! Siku hizi boti ina mkaguzi wa ndani ya nyumba? Au kibao kinakaa chumbani kwenu?"

Walicheka wote. Kibao mkononi mwa Recheli kikawa kama kitu alichokiiba.

"Kibao kile ni cha farasi kumi na tano," aliendelea Wenceslaus, sasa akiwafundisha watu. "Farasi wameongezeka, na mzigo unaongezeka. Fuso inabeba kuliko bajaji kwa sababu gani? Si injini?"

"Fuso ina matairi, mwenyekiti, na imekanyaga chini," alisema Recheli. "Boti imekanyaga nini?"

Mmoja wa wazee aliguna, na Wenceslaus akaacha kucheka. Modest aliweka chini ndoo nyingine aliyokuwa ameibeba, akamsogelea mkewe mpaka akahisi pumzi yake.

"Umenivua nguo mbele za watu," alinong'ona. "Na mbele ya baba yako. Umeridhika?"

Jamani, hapo ndipo pagumu. Kumwambia mtu ukweli ni kazi rahisi kama humpendi. Recheli alimtazama mumewe, akaona ule uso aliouona siku ya karai, akalainika. Akamgeukia baba yake.

"Baba, vuka na nusu. Nusu nitakaa nayo mimi hapa, sisogei, mpaka boti irudi."

"Binti si mwenyewe," alisema mzee taratibu, bila hasira. "Wewe umeolewa, ni wa kwa watu. Asali ikipotea nitamdai nani? Mkwe wangu?"

"Nimezaliwa kwako baba. Mizinga hii nimekushikia moshi kabla sijaota meno ya juu."

Nyuma ya mzee watu walianza kulalamika kwamba jua linapanda. Mwishowe aligusa ndoo moja moja kwa fimbo yake, akihesabu.

"Sita. Hizi sita nakuachia. Kumi na mbili naondoka nazo. Mimi mmoja, mkwe wawili, na ndoo tatu tatu, wanne. Sita kamili. Kibao chako si kinasema sita?"

"Kinasema sita," alidakia Wenceslaus. "Haya, mambo yamekwisha. Pakieni."

Watu walishusha pumzi. Hata Modest alitabasamu. Kila mmoja alikuwa amepata chake: mzee heshima yake, mwenyekiti ushindi wake, kibao nacho sita zake.

Recheli peke yake ndiye aliyekuwa bado anahesabu. Mashine themanini. Mafuta ishirini. Modest sabini na tano, baba sitini. Ndoo kumi na mbili, mia tatu thelathini na sita. Jumla mia tano sabini na moja. Zingekuwa kumi, mia tano na kumi na tano, salama. Kumi. Alikuwa na neno hilo mdomoni. Ndoo mbili tu baba, niachie na hizo mbili. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kukubali jambo ambalo hakuna mzee pale aliyewahi kulikubali, na mumewe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mbili tu, alijiambia. Kitu gani ndoo mbili? Akameza neno lake.

*

Walizipanga ndoo upande wa nyuma, karibu na benchi la katikati, kwa sababu mzee alitaka kuziona zote na kuzigusa. Mbele ya boti palibaki patupu. Recheli alitaka kusema na hilo pia, akaona ameshasema mengi.

Boti iliondoka polepole, kwa adabu. Maji yalikuwa yamefika vidole vinne chini ya ukingo wa nyuma. Modest alikuwa mwendeshaji mzuri, hilo hata maadui zake hawakulikataa, na aliiacha mashine ikikoroma kidogo tu. Mzee Hilari alikaa ameipa pua ya boti mgongo, mkono mmoja juu ya ndoo. Recheli alisimama kati ya ndoo zake sita, akihesabu mapigo ya moyo bila kujua kwamba anahesabu.

Walipofika katikati ya mto, gogo lilijitokeza. Mti mzima uliong'oka na mizizi, unashuka na maji kwa kasi, unazunguka. Ukiwa na farasi kumi na tano ungepunguza mwendo uuache upite. Modest alikuwa na arobaini, na siku tisa zote alikuwa akiambiwa uzuri wake. Alizungusha mpini.

Mashine iliunguruma. Pua ya boti ikapanda juu. Ndoo zikateleza zote kwa pamoja kuelekea nyuma, zikamgonga Modest miguuni, na maji yakaingia juu ya ule ubao mpya, si kwa fujo, yaliingia tu kama yanayokaribishwa. Boti ikakaa kitako. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, na katika ukimya ule watu wa ng'ambo walimsikia mzee akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkwe, asali yangu."

Kisha boti ikapinduka.

Modest aliibuka upesi, jaketi alilokuwa amelikalia limeelea kando yake, akalikumbatia. Mzee naye aliibuka, mbali kidogo, na mikono yake ilikuwa imeshika ndoo. Kila mtu pale mtoni amefundishwa tangu utoto: ukianguka majini shika ndoo, shika dumu, litakubeba. Ndoo tupu itakubeba, ndiyo, hata dumu la mafuta ya taa litakubeba. Mzee Hilari alikuwa ameishika ndoo ya asali kwa mpini, kwa mikono yote miwili.

"Iachie!" Recheli aliingia majini mpaka kiunoni bila kujijua, watu wakamkamata. "Baba, iachie! Asali haielei! Baba, ni nzito hiyo, iachie!"

Labda alimsikia, maana aligeuza uso kuelekea sauti ile. Labda alidhani anaambiwa asiiache. Mtu aliyeishi miaka sabini hajaacha asali yake hata usiku mmoja, utamfundishaje kwa pumzi moja? Ndoo ilikwenda chini moja kwa moja, na mzee akaifuata.

*

Walimpata jioni ile ile, chini kidogo ya mahali pale, kwenye matete. Mikono ilikuwa mitupu.

Nyumbani kulijaa watu. Wamoraviani wa kwaya waliimba, majirani Wakatoliki walileta kuni na unga, na Modest alikaa nyuma ya nyumba juu ya kinu kilicholazwa, hataki kuonwa. Recheli alimfuata huko. Alikuwa hajalia bado, watu walikuwa wameanza kumsema.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza Modest bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa najua."

"Hata zile kumi na mbili?"

"Salama ilikuwa kumi. Nilizihesabu zikiwa zinapakiwa."

Modest aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Mbona hukusema, Recheli?"

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na angeweza kuhesabu kwa vidole mara alizoitwa na mumewe kwa jina lake. Alikaa chini, kwenye vumbi, kando ya kinu.

"Ulikuwa umetabasamu," alisema. "Nilichoka kukuaibisha."

Ndipo alipolia. Modest hakujua aweke wapi mikono yake, mwishowe akaiweka kichwani mwa mkewe na kuiacha hapo.

Mkaguzi wa vyombo vya majini alikuja kesho yake na pikipiki, akauliza watu waliokuwa ndani ya boti walikuwa wangapi. Wawili, wakamwambia. Akaandika wawili. Akakitazama kibao kinachosema sita, akawatazama wao, akakuna shingo kwa kalamu.

*

Kwa heshima ya msiba lori lilisogezwa hadi Jumamosi. Lilisimama kando ya kivuko upande wa huku, na karani wa kampuni, kijana nadhifu wa Tabora mjini, akatundika mizani kubwa kwenye nguzo za chuma. Asali ya ng'ambo ilikuwa imevushwa kwa mitumbwi ya kukodi, ndoo nne nne, na hakuna aliyelalamika kwamba jua linapanda. Zile sita Recheli hakuziacha. Usiku wa msiba alivushwa nazo mpaka uani, na matanga yote alilala kando yake.

Wenceslaus alikuwa anasoma majina kwenye karatasi. Sauti ya mnadani ilikuwa imempotea.

"Hilari. Ndoo..." Alikwama. "Ndoo sita."

Desturi ni mwenyewe aitike. Watu walitazama chini.

"Nipo," alisema Recheli.

Karani aliinua kichwa. "Mama, nimeambiwa ni mzee. Mwenyewe ni nani?"

Recheli alimtazama Wenceslaus, akamwachia yeye ajibu. Mwenyekiti alikunja karatasi, akaikunjua.

"Ni huyo," alisema. "Alikabidhiwa mbele yetu."

Karani akatundika ndoo ya kwanza. "Ishirini na nane," akaandika.

"Taja kwa sauti, mwanangu. Wote wasikie."

"Ishirini na nane!" Ya pili. "Ishirini na nane!" Ya tatu. "Ishirini na nane!"

"Simama hapo kwanza. Hizo tatu ni ngapi kwa pamoja?"

Kijana alibonyeza simu yake. "Themanini na nne, mama."

Recheli aliwageukia wale wazee waliopanga mstari, kila mmoja kando ya ndoo zake, na Modest akiwa nyuma yao, kofia mkononi. Hakupaza sauti.

"Mmesikia. Ndoo tatu, themanini na nne. Baba yangu alikuwa na kilo sitini."

Akainama, akashika ndoo ya nne kwa mpini, na Modest akatoka nyuma ya watu, akaja kushika upande wa pili.